Nyama ngumu haitaki moto mkali: rosti ya kipande kizima kwa karoti na viazi vya shambani kwako

Leo kanitangaze na ukungu wa viazi tunaviweka pembeni, tunaingia jikoni. Najua kuna atakayesema afisa ugani ameishiwa mada. Subiri kidogo.

Huku kwetu Mponde tunalima karoti, viazi, liki, seleri, tunafuga na ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili nyuma ya nyumba. Gari la Dar likishapakia, mkulima huyohuyo anakula ugali na kabichi iliyokataliwa na mnunuzi. Na siku ng'ombe wake akizeeka, anamtoa kwa bei ya huruma kwa sababu dalali amemwambia, "Huyu mzee huyu, nyama yake ngumu, nani atainunua?" Sasa nataka nieleze hiyo nyama ngumu ni kitu gani hasa, na inapikwaje mpaka inaachana yenyewe kwenye uma. Ukielewa hilo utakula vizuri na utamjibu dalali vizuri zaidi.

Chakula chenyewe ni rosti, ila si ile ya vipande vidogo tuliyoizoea. Hapa nyama inabaki kipande kizima cha kilo moja na nusu au mbili, inakaangwa nje mpaka ipate rangi, halafu inafunikwa na kutokota taratibu kwenye maji kidogo pamoja na mboga. Wazungu wanaipika sana wakati wa baridi. Na baridi ya Usambara ya Juni mpaka Agosti mnaijua wenyewe, ukungu unashuka saa kumi jioni hata kiwanda cha chai hukioni.

Ugumu unatoka wapi

Nyama ni misuli, na misuli imefungwa kwa nyuzi nyeupe. Ukiikata nyama ya shingo unaziona, zinang'aa, zinavutika, kisu kinateleza juu yake. Kitu kinachozijenga kinaitwa kolajeni. Sehemu ya mwili inayofanya kazi sana ina kolajeni nyingi: shingo inayobeba kichwa siku nzima, bega, kidari, muundi. Sehemu isiyofanya kazi sana, kama sarara ya mgongoni, inayo kidogo, ndiyo maana sarara unaichoma dakika chache tu na inalika.

Umri nao unaingia hapa. Ng'ombe akikua, nyuzi hizo zinajifunga zaidi zenyewe kwa zenyewe. Kiasi hakibadiliki sana, ila zinakuwa imara zaidi, zinachukua muda mrefu zaidi kulainika. Kwa hiyo dalali hasemi uongo mtupu. Nyama ya ng'ombe aliyezaa mara sita ni ngumu kweli, kama utaipika kwa dakika arobaini.

Lakini kolajeni ina tabia moja nzuri sana. Ikikaa kwenye joto lenye unyevu, kuanzia nyuzi joto 70 hivi na kuendelea, kwa saa kadhaa, inayeyuka na kuwa jelatini. Jelatini ndiyo inayoufanya mchuzi uwe mzito na midomo inatetanata ukila supu ya kongoro. Yaani kile kilichoifanya nyama iwe ngumu ndicho kinachokuja kuifanya iwe laini na yenye mchuzi mzito. Sarara haiwezi kukupa hiyo. Ukiichemsha sarara saa tatu unapata kitu kikavu kama pamba. Sasa unaelewa kwa nini kwenye chakula hiki nyama ya bei ndogo inaishinda ya bei kubwa, wala si suala la kubana matumizi tu.

Kuna jambo moja hapa ningependa kila mtu alishike, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Nyama ikianza kupata moto, nyuzi zenyewe za msuli zinajikunja na kukamua maji nje. Hilo linatokea mapema, kabla kolajeni haijaanza kuyeyuka vya kutosha. Kwa hiyo baada ya saa moja ukiichoma uma utaikuta ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi! Mpishi anaogopa. Anaongeza kuni, anaongeza maji, wengine wanatupia magadi. Usifanye hivyo. Moto mkali unazidi kuzikunja nyuzi, na kolajeni haiharakishwi kiasi hicho. Kinachotakiwa ni muda. Saa ya pili inaanza kulegea, saa ya tatu inakubali.

Magadi nayaongelea kwa sababu tunayatumia sana kwenye maharage na mboga za majani. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu ladha ya nyama na yanaua vitamini B1. Papai bichi nalo linalainisha, watu wa Pwani wanalijua vizuri, ila linafaa kwa nyama ya kuchoma iliyokatwa vipande vyembamba. Kwenye kipande kinene linafanya kazi juujuu tu, nje panakuwa uji na ndani pako vilevile.

Na kwa nini huku milimani kila kitu kinachelewa kuiva? Kadiri unavyopanda juu, maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi, kama nyuzi 1 pungufu kila mita 300. Tanga mjini yanachemka kwenye 100. Mtu aliye mita 1,500 maji yake yanachemka kwenye 95 hivi, na hata ujaze kuni vipi hayapandi zaidi ya hapo bila jiko la presha. Shangazi akija kutoka Tanga akakwambia nyama yake inaiva saa mbili na nusu, we hesabu tatu na zaidi.

Buchani

Bucha zetu nyingi zinauza steki kwa bei yake na mchanganyiko kwa bei yake, na muuzaji ameshazoea kupiga shoka kwenye gogo kabla hujamaliza kusema. Mwambie mapema.

"Kaka, naomba ya bega, kilo mbili, kipande kimoja. Usinikatie."

"Hiyo ngumu, chukua steki."

"Nipe hiyohiyo."

Atakushangaa, sawa. Bega au shingo ndiyo chaguo la kwanza. Kidari kizuri pia, kina mafuta. Muundi ukiwa na mfupa wake mchuzi unakuwa mzito zaidi, ila nyama ni kidogo. Angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama. Hapa sitanii: ng'ombe aliyekufa mwenyewe haliwi, hata mzee wa mtaa akisema alikabwa na kamba tu. Kimeta kinaua watu, na kumpasua tu mzoga kunatosha kukusambazia vimelea. Hakuna upishi wa kukuokoa hapo, mwite mtaalamu wa mifugo.

Mboga ni zako mwenyewe

Kwa kilo mbili za nyama chukua vitunguu maji 4, punje 6 za kitunguu saumu, nyanya 4, karoti nusu kilo au zaidi, viazi kilo 1, liki 2, mashina mawili matatu ya seleri na kijiti kimoja cha rosmeri. Chumvi vijiko 2 vya chai, pilipili manga kijiko kimoja, mafuta vijiko 3 vya chakula. Msimu wa plamu ukiwepo weka mbili tatu zilizoiva, utamu na ukali wake unakaa vizuri sana na nyama ya ng'ombe.

Karoti za kupeleka sokoni zibaki za sokoni. Hapa tumia zile zenye miguu miwili, ambazo mnunuzi anazitupa pembeni. (Na kama una nyingi hivyo, jiulize uliweka samadi mbichi au udongo una mawe na haukulimwa kwenda chini.) Umbo halina kazi kwenye sufuria. Isipokuwa karoti iliyopitiliza shambani, yenye kiini kigumu katikati. Hiyo haifai kwa pishi wala kwa soko, na mteja akishaila mara moja anakumbuka imetoka gari la nani.

Viazi ndiyo habari kubwa. Kuna kiazi cha unga, kinachopasuka kikichemshwa, na kuna kiazi kinachobaki kizima. Cha unga kinafaa chipsi na kuponda. Kwenye rosti kinavurugika na kuugeuza mchuzi uji. Wengi mnauza aina moja kwa wateja wote bila kujua mnauza kipi. Kipimo ni rahisi: chukua kikombe kimoja cha chumvi, vikombe 11 vya maji, koroga mpaka chumvi iyeyuke. Tumbukiza kiazi. Kikizama, kina wanga mwingi, ni cha unga. Kikielea, ni cha kubaki kizima, weka kwenye rosti. Fanya hivyo kwa viazi kumi vya shamba lako kabla ya kuongea na mwenye kibanda cha chips. Kama vyote vinazama, una hoja ya kumpa. Kama vyote vinaelea, usimlazimishe, vitamnywea mafuta na atakukimbia. Wauze kwa wapishi wa mchuzi, wa shule, wa hoteli.

Kiazi chenye rangi ya kijani kiache kabisa. Ile sumu yake haiishi kwa kuchemsha.

Kupika

Ukiosha nyama, ikaushe kwa kitambaa safi mpaka isiwe na maji juu. Nyama yenye maji haipati rangi, inachemka tu kwenye mvuke wake. Paka chumvi na pilipili manga. Pasha mafuta kwenye sufuria nzito, moto uwe wa nguvu kwa hatua hii peke yake, weka kipande, kiache. Usikigeuzegeuze. Dakika tano kila upande mpaka rangi iwe ya kahawia iliyokolea. Watu wanasema hii inafunga maji yasitoke. Haifungi kitu, maji yatatoka tu baadaye. Tunachotafuta ni ladha, kwa sababu ile rangi ya kahawia ndiyo harufu yote ya nyama choma, na maji peke yake hayafiki kwenye joto la kuitengeneza.

Toa nyama. Mafuta yaleyale, punguza moto, kaanga vitunguu, liki na seleri mpaka vilegee, kisha saumu na nyanya. Mimina maji vikombe viwili na ukwangue ule ukoko wa chini kwa mwiko. Ukoko usitupwe, ndio mchuzi wenyewe. Rudisha nyama pamoja na rosmeri. Maji yafike nusu ya kipande, yasikifunike. Funika, weka jiwe safi juu ya mfuniko mvuke usitoroke.

Kuanzia hapo moto ni mdogo. Ukifunua unatakiwa kuona povu moja moja linapanda kwa uvivu, si maji yanayorukaruka. Kwa jiko la mkaa, toa makaa yabaki machache, na mengine matano sita weka juu ya mfuniko kama unapalia wali. Juu panapata rangi nzuri. Geuza nyama kila baada ya saa moja, ongeza maji ya moto kidogo yakipungua.

Viazi na karoti visiingie mwanzo. Vinahitaji dakika 40 hadi 50 tu, kwa hiyo viweke saa ya tatu inapoanza, vikiwa vimekatwa vikubwa. Kama mchuzi una ukali wa nyanya nyingi au plamu, viazi vitachelewa zaidi kulainika, kwa sababu asidi inavishika visiachie. Wape robo saa ya ziada.

Imeiva lini? Saa haikwambii, uma ndio unakwambia. Choma katikati na uzungushe. Ukizunguka bila kushindana na wewe, toa. Iache ipumzike dakika kumi na tano, kisha kata kuvuka nyuzi, siyo kufuata nyuzi.

Kuni je?

Swali la haki kabisa. Saa tatu na nusu za moto kwenye milima hii ambapo msitu umebaki Magamba na vipande vichache si jambo la kuchekea, na mkaa nao bei mnaijua. Na nani atakaa jikoni siku ya kuvuna karoti, wakati una vibarua wanane shambani?

Hapo tumia kapu. Chukua kapu kubwa au boksi, tandika majani makavu ya migomba au maganda ya mahindi unene wa kiganja kizima chini na pembeni, acha shimo la sufuria katikati. Tengeneza na mto wa kufunika juu, gunia lililojazwa majani hayohayo au blanketi kuukuu. Saa kumi na mbili asubuhi unakaanga nyama, saa moja inatokota, saa mbili unaitoa jikoni ikiwa inachemka kwelikweli na unaizika kwenye kapu bila kufunua mfuniko. Unaenda shambani. Joto linashuka polepole sana na kolajeni inaendelea kuyeyuka bila hata kijiti kimoja cha kuni. Saa tano mtu mmoja anarudi, anaiweka jikoni ichemke tena, anatia viazi na karoti. Saa sita na nusu vibarua wanakula.

Masharti mawili. Sufuria iwe imejaa walau robo tatu, kwa sababu chakula kidogo kinapoa haraka, kwa hiyo siku ya vibarua pika kilo tatu au nne. Na usiiache kwenye kapu zaidi ya saa nne. Ukifunua ukakuta imekuwa vuguvugu tu, hiyo imekaa kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda, usiwape watu.

Tumrudie ng'ombe

Sasa dalali akija akakwambia nyama ngumu, unajua bega na shingo ya ng'ombe huyo vinakwenda kwa mama ntilie, kwa mpishi wa shule, kwa watu wa supu, na wote hao wanachemsha kwa saa nyingi. Ugumu hauwasumbui. Kinachowasumbua ni ng'ombe mkonde, kwa sababu wanalipia mifupa, na nyama nyeusi inayoharibika haraka.

Vyote viwili viko mikononi mwako. Ukishaamua kumtoa ng'ombe wa maziwa, mkaushe, kisha mlishe miezi miwili hadi mitatu: majani ya kutosha, pumba, mashudu ya alizeti, molasi kidogo, madini. Andika gharama kila wiki, maana ukizidisha unamlisha dalali. Kama alichomwa sindano ya antibayotiki, soma lebo ya dawa na uhesabu siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Kwa dawa zinazokaa mwilini muda mrefu zinaweza kufika wiki nne. Siku hizo hazina njia ya mkato.

Nyama nyeusi inatokana na uchovu. Ng'ombe aliyeteremshwa kwa miguu na fimbo mpaka Soni, akachinjwa palepale akihema, ameshamaliza sukari iliyokuwa kwenye misuli yake. Sukari hiyo ndiyo inayotengeneza asidi kidogo kwenye nyama baada ya kuchinjwa, na asidi hiyo ndiyo inayoipa rangi nyekundu safi na kuifanya ikae. Isipokuwepo, nyama inakuwa nyeusi, inanata, na jioni imeanza kunuka. Afike siku moja kabla, alale, apewe maji. Muuza bucha mwenye akili analiona hilo asubuhi kwenye ndoano.

Na usikubali kuuza kwa macho. Pima kifua chake kwa utepe wa kupimia uzito, au tafuta mzani, halafu ndiyo mzungumze bei.

Rosti ikibaki, usiku utaukuta mchuzi umeganda kama jeli. Usidhani umeharibika, ile ndiyo kolajeni ya shingo uliyoipika mchana. Kama huna friji, uchemshe kabisa kabla ya kulala na asubuhi tena kabla ya kula. Kwa chapati ya moto na chai ya rangi, saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado mlangoni, mimi ndiyo nampenda ng'ombe mzee kuliko wakati wote. Mwenye ng'ombe wa kutoa mwaka huu aniandikie mapema, tupange chakula chake kabla dalali hajapiga hodi.